Koki ya Chumba cha Ndizi

Binti yangu alifika Jumamosi, tarehe mosi Juni, saa nne na robo asubuhi, amekumbatia boksi lenye ukubwa wa kreti ya soda. Alilitua juu ya meza ya sebuleni, akavua viatu, akaniamkia, kisha akasema, "Mama, humu ndani kuna jibu la ugomvi wetu."

Ugomvi wetu ulikuwa na umri wa siku mbili tu. Mwezi Mei nilikuwa nimelazwa hospitali mjini Moshi kwa kichomi, tangu tarehe tisa hadi tarehe kumi na tano. Nilipotoka wodini, binti yangu alinipeleka nyumbani kwake, mtaa wa Soweto huko huko mjini, akanilaza katika chumba chenye feni, akanikataza kushika ufagio. Nilivumilia siku kumi na tano. Alhamisi ya tarehe thelathini nilifunga mfuko wangu mapema, nikaketi barazani nimevaa viatu, nikamwambia kwamba asiponirudisha kwangu mlimani kwa gari lake nitarudi kwa miguu yangu. Alinirudisha, lakini tulipofika getini alitamka neno moja ambalo lilininyima raha: "Msimu huu wa baridi, Mama, utarudi kukaa kwangu. Mwakani tutaona."

Nililielewa vizuri hilo "tutaona." Nyumba ikifungwa msimu mmoja, mchwa na panya huanza kujiona wenyeji, ikifungwa misimu miwili, watu wa barabarani huanza kuuliza inauzwa au haiuzwi. Mume wangu amezikwa katika kihamba chetu, shamba la ukoo, chini ya migomba, hatua thelathini na nne kutoka mlango wa jikoni. Sikumwambia binti yangu hayo. Nilimwambia habari za ng'ombe.

Basi boksi lile lilikuwa na koki sita mpya za mabomba ya kupashia vyumba joto, zile zinazojifungua na kujifunga zenyewe kwa kufuata joto la chumba, na kumpelekea mtu taarifa kwenye simu popote alipo. Binti yangu alinipa masharti, nami nikayaandika mbele yake kwenye daftari. Tangu tarehe kumi na tano Juni hadi tarehe thelathini na moja Julai, chumba changu cha kulala kisipungue nyuzi joto kumi na nane, saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku. Kikipungua siku tatu mfululizo, ninafungasha. Kisipopungua, ninabaki, na neno la Soweto halitatajwa tena isipokuwa kwa mwaliko wa chakula.

"Umekubali?" aliniuliza.

"Nimekubali. Weka sahihi."

"Mama, mimi ni mtoto wako!"

"Ndiyo maana ninataka sahihi."

Aliweka, huku akicheka kwa pua kama baba yake.

Hapa sina budi kueleza nyumba ya mkulima wa kahawa na ndizi ilipataje koki za kupashia joto. Mume wangu alikuwa fundi bomba. Kwa miaka mingi alihudumia nyumba moja ya wageni iliyo karibu na msitu, iliyojengwa na wazungu waliokuja na desturi za kwao: boila ya kuni nje, mabomba ya maji ya moto yanayopita chini ya madirisha, na katika kila chumba rejeta ya chuma cha kuyeyushwa, nzito kama ndama. Nyumba ile ilipobomolewa, vyuma vile vilikuwa vinakwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Yeye aliwahi kuchukua sita pamoja na boila. Zilipandishwa kwa trekta lililokodiwa, na majirani walisimama kando ya mfereji wakiuliza ni rejeta za gari gani. Mume wangu aliwajibu kwamba ni za gari ambalo halitoki nyumbani.

Nilimwona kama aliyerukwa na akili. Baridi ya mlimani tulizaliwa nayo. Dawa yake ilikuwa moto wa jikoni na blanketi. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeanza shule. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na miwili, katika darasa la watu wazima lililofanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na minne, nimekaa dawati moja na mtoto aliyekuwa na umri wa binti yangu. Nafasi yangu ya kusoma ilikuwa alfajiri, kabla ya kukamua. Kila siku, saa kumi na nusu, mume wangu alitoka na kurunzi, akawasha boila, akarudi na kufungua koki ya chumba kidogo. Nilipoingia na vitabu nilikuta rejeta imeanza kugugumia. Fizikia yote niliyo nayo niliisoma mgongo wangu ukiwa umeegemea chuma kile. Matokeo yalipotoka, alinipa zawadi ya kipimajoto cha kioo kilichobanwa kwenye ubao. Alikipigilia misumari katika chumba chetu, kwenye ukuta wa mbali na rejeta, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. "Hapa ndipo joto linapotakiwa," alisema. "Chuma chenyewe hakisikii baridi."

Tangu hapo nimeandika joto la chumba kile asubuhi na jioni, kila siku ambayo nimelala humo. Daftari la sasa ni la kumi na moja.

Binti yangu alimleta fundi Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Alikuwa mtu wa Kahe, huko bondeni kwenye mashamba ya mpunga, mwenye umri wa miaka kama arobaini hivi, naye alipanda mlima wetu mwezi wa Juni akiwa amevaa shati la mikono mifupi. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nyumba yake imetenganishwa na yangu na mstari wa mimea ya masale tu, alikuwa amefika kushuhudia. Alimtazama fundi akijisugua mikono, akaniambia kwa sauti ya kusikika vizuri, "Haya, wifi. Mtu wa Kahe amekuja kutufundisha baridi."

"Shikamoo mama," fundi alimwambia.

"Marahaba. Ukiona meno yako yanagongana, usidhani ni mashine imeharibika."

Lakini alikuwa fundi mzuri, na nilimpenda kwa namna alivyomheshimu marehemu ambaye hakumjua. Alipofungulia maji machafu kutoka kwenye bomba la chini kabisa, yalitoka meusi kama wino, akasema hiyo ni dalili njema, kwamba mfumo haukuwahi kuvuja na kujazwajazwa. Alipoanza kufungua koki ya kwanza alitumia spana mbili, moja kulishika bomba lisijipinde na nyingine kugeuza, na bado chuma kilikataa. Alikimwagia maji ya moto, akangoja, akajaribu tena. Koki ilipoachia, alitoa nyuzi za rangi ya dhahabu kutoka kwenye meno ya koki hiyo, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Katani!" alisema. "Mzee alifungia katani na rangi. Siku hizi sisi tunazungusha tepu nyeupe tu, tunakwenda zetu. Hii ingekaa mpaka wajukuu wachoke."

"Basi rudisha katani," nilimwambia.

Akarudisha. Wifi alikwenda kwake kuchambua kamba ya kufungia mbuzi, na koki za karne hii zikafungwa kwa katani ya kamba ya mbuzi.

Kosa nililolifanya siku ile ninalikiri mwenyewe. Rejeta ya sita haikuwa katika chumba cha mtu. Ilikuwa katika chumba cha ndizi, kile chumba kidogo nyuma ya jikoni ambamo tunaivishia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Wazee waliziivisha darini juu ya moto. Mume wangu aliamua kwamba ndizi zake nazo zitakuwa na rejeta. Koki ya humo ilikuwa imepoteza gurudumu lake la kugeuzia zamani, naye akaichongea jingine kwa mti wa mringaringa, laini kama kifungo cha koti. Kisha akanipa amri, na huyu alikuwa mtu asiyetoa amri: "Zote funga upendavyo. Hii usiifunge kamwe." Kwa miaka mingi niliona kuni zangu zikipasha joto ndizi, hata wakati ambapo hazikuwamo ndizi. Nilimwambia kwamba anaipenda mbege kuliko mke wake. Yeye alicheka kwa pua, akasema mke wake ana koki yake. Hakunieleza zaidi, na mimi, kwa kuwa nilidhani nimeshaelewa, sikuuliza.

Fundi alipofika kwenye chumba hicho alisita. "Mama, kwa boila ya kuni, kwa kawaida moja ingebaki ya zamani…"

"Nimeleta sita," binti yangu alisema huku akiitazama simu yake. "Weka sita, tuone vyumba vyote."

Nami, kwa kiburi cha mtu aliyengoja muda mrefu kushinda hoja, nilisema, "Hiyo ndiyo ingetoka ya kwanza. Itoe."

Akaitoa. Koki tano za zamani alizitia kwenye ndoo. Ile yenye gurudumu la mti nilimwomba, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka ndani ya kopo la unga kabatini. Sikujiuliza kwa nini.

Juni ilikwenda vizuri mno. Binti yangu alipanga kila kitu kutoka Soweto: sebule nyuzi kumi na tisa, chumba changu ishirini, vyumba visivyolaliwa kumi na mbili tu ili kuokoa kuni. Kazi yangu ilibaki kulisha boila asubuhi na jioni. Nilivizoea vile vichwa vyeupe vya plastiki vya koki mpya. Kila alfajiri kile cha chumbani kilijizungusha kwa mlio mdogo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti, na baada ya robo saa rejeta ilianza kugugumia ile sauti yake ya zamani. Nilikuwa nikilala nikiisubiri. Saa kumi na mbili kamili simu iliita.

"Shikamoo Mama. Nyuzi kumi na tisa na nusu!"

"Marahaba. Ninajua. Nimeshaandika."

Jumapili, tarehe kumi na nne Julai, baada ya ibada, wifi yangu alileta mikungu sita ya ndizi. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba tungekuwa na kumbukumbu ya mume wangu, miaka mitatu tangu afariki, na haiwezekani kumkumbuka mtu yule kwa soda. Hesabu ya mbege ninaijua kama ninavyoijua amri ya tano: ndizi ziive kwa wiki moja, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili zichemshwe, zichachuke mpaka Ijumaa, ndipo zikorogwe na uji wa kimea cha ulezi, na Jumamosi watu wanywe. Tulizipanga katika chumba cha ndizi kama ilivyo desturi.

Jumatano wifi alikuja kuzikagua. Alibonyeza moja, akabonyeza nyingine, akatoka akiwa ameweka mkono kiunoni.

"Wifi, ndizi zako ni ngumu kama shingo yako."

"Zina siku tatu tu."

"Kaka yangu siku ya tatu alikuwa anasikia harufu kutoka barabarani. Humo ndani mbona kama kaburini? Rejeta ya baridi!"

Ni kweli ilikuwa ya baridi. Chumba kilikuwa kimepangiwa nyuzi kumi na mbili, na kwa kuwa hakikushuka chini ya hapo, koki yake haikufunguka. Ningeweza kumpigia simu binti yangu aongeze. Lakini kumwomba mtoto wangu ruhusa ya kuivisha ndizi za baba yake katika nyumba yangu mwenyewe lilikuwa jambo ambalo ulimi wangu haukuweza kulibeba. Kwa hiyo tulifanya kama walivyofanya mama zetu. Tulihamishia mikungu chumbani kwangu, tukaiegemeza kwenye rejeta na kuipanga pande zake zote, tukaifunika kwa majani makavu ya mgomba, na juu yake tukatandaza blanketi zito na kulichomeka chini ili joto lisitoroke. Ilikuwa kazi safi kabisa. Wifi alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akasema sasa kaka yake atakunywa.

Saa tatu usiku simu iliita. "Mama, hongera! Nyuzi ishirini barabara."

Nilitazama kipimajoto ukutani. Kilisema kumi na sita.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe kumi na nane, kilisema kumi na nne. Binti yangu alinitangazia ishirini. Ijumaa kilisema kumi na nne, simu ikasema ishirini. Nilikuwa nimeelewa kabla ya chai ya Alhamisi. Fizikia yangu ni ya zamani lakini haijaoza. Kile kichwa cheupe kilikuwa chini ya blanketi pamoja na ndizi. Kilionja joto la chini ya blanketi, kikaridhika, kikafunga maji. Kilikuwa kinalinda nyuzi ishirini za ndizi. Mimi nililala nje ya blanketi lile, na sweta mbili, na soksi za marehemu.

Sikusema. Ninaandika hivi bila kujipamba: siku ya kwanza sikusema kwa sababu ya ndizi, siku ya pili sikusema kwa sababu ya mkataba. Kwenye simu yake nilikuwa nimebakiza siku kumi na mbili tu za ushindi. Kwenye daftari langu nilikuwa ninashindwa. Kikohozi kilinirudia kidogo Ijumaa jioni, nikanywa maji ya moto yenye tangawizi na kuzungumza naye kwa kifupi ili asikisikie. Lakini niliendelea kuandika. Kumi na nne, kumi na nne. Mkono ulikataa kuandika kitu kingine.

Jumamosi ya tarehe ishirini niliamua kuishinda baridi kwa kuni. Nilijaza boila tangu asubuhi, magogo ya mgrevilea yaliyokauka vizuri, nikarudia saa sita. Mchana ule ukungu ulipasuka, jua likaingia sebuleni, na koki za sebuleni zikaona joto la kutosha, zikajifunga. Za vyumba visivyolaliwa, pamoja na ya chumba cha ndizi, zilikuwa zimefungwa tayari. Ya chumbani kwangu ilikuwa imekumbatiwa na ndizi. Saa nane na dakika kumi nilikuwa nikichambua ulezi barazani niliposikia boila ikigonga. Ilianza pole pole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha ikagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Bomba la juu ya paa likatema mvuke, na maji ya moto yakateremka juu ya bati.

Wifi alitokea kati ya masale bila viatu. "Nini hicho? Nini hicho?"

Nilichukua jembe. Mume wangu aliwahi kunionyesha mara moja tu, miaka mingi iliyopita: ikigonga, usimwage maji, toa moto. Nilifungua mlango wa boila, nikavuta makaa na magogo yanayowaka nje kwenye udongo, wifi akiyafunika kwa majivu na mchanga huku akiwaita ndugu zake wote waliokufa kwa majina. Ilichukua muda mrefu boila kutulia. Tulikaa chini kwenye nyasi, nyuso nyeusi, na wifi akaniuliza swali ambalo nilikuwa najiuliza tayari.

"Kaka yangu alisema ipi isifungwe kamwe?"

Nilikwenda kabatini, nikatoa kopo la unga, nikafungua kitambaa. Gurudumu la mringaringa lilikuwa na sehemu moja iliyolika, mahali pa kidole gumba.

Binti yangu alikuja Jumapili, tarehe ishirini na moja, saa nane mchana, pamoja na fundi. Safari hii mtu wa Kahe alikuwa na koti na kofia ya sufu, na wifi alimkaribisha kama mwanafunzi aliyefaulu. Alizunguka boila mara mbili, akagusa mabomba, akaingia vyumbani na kutoka, akanywa chai. Ndipo akasema, kwa upole ambao sikustahili:

"Hakuna kilichopasuka. Koki zote zilijifunga kwa pamoja, maji yakakosa pa kwenda. Boila ya umeme ungeizima, kuni hazizimiki. Moja lazima ikae wazi siku zote, moto ukizidi ukimbilie huko. Mzee alijua. Nilitaka kusema siku ile."

"Ulisema," nilimwambia. "Sisi ndio hatukusikia."

Binti yangu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. "Kuni nyingi hivyo za nini, Mama? Chumba chako kilikuwa na nyuzi ishirini wiki nzima. Nimeona mwenyewe."

Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema nilitaka maji ya kuoga. Ningesema nimezeeka, nimesahau nimeshaweka. Fundi angeamini, wifi angenyamaza, maana ana kasoro nyingi lakini si msaliti. Nilikwenda chumbani, nikachukua daftari la kumi na moja, nikalifungua na kuliweka mbele yake juu ya meza, pale pale alipolitua boksi.

Alisoma kwa kidole, kama nilivyomfundisha siku zile zile nilizokuwa nikijifunza mwenyewe. Tarehe kumi na nane, kumi na nne. Tarehe kumi na tisa, kumi na nne. Tarehe ishirini, kumi na tatu na nusu. Tarehe ishirini na moja, kumi na nne.

"Umelala kwenye nyuzi kumi na nne," alisema. "Na kifua hicho."

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nikupe hongera."

"Mara nane."

Aliinuka, akaenda chumbani. Tulisikia blanketi likivutwa, kisha harufu: tamu, nzito, ya ndizi zilizoiva hasa, ikajaa nyumba nzima mpaka sebuleni. Wifi alipiga kelele kutoka kwenye kiti, "Usizipulizie baridi! Ni za baba yako hizo!"

Binti yangu alirudi ameshika ndizi moja. Macho yake yalikuwa na machozi na mdomo wake ulikuwa unacheka, na sikujua nitazame wapi.

"Nimekuwa napima joto la ndizi," alisema. "Siku nne. Kazini nilikuwa nawaonyesha wenzangu: tazameni, mama yangu alivyo salama. Kumbe ndizi."

"Ziko salama kweli," fundi alisema, akipokea nusu.

Nilisubiri waishe kucheka. "Kwa mkataba wetu," nilisema, "ni siku tatu mfululizo. Mimi nina nne. Nimeshindwa. Naomba tu unipe mpaka kumbukumbu ipite."

Aliketi, akatoa simu, akarudisha daftari nyuma hadi tarehe kumi na tano Juni, akaanza kulinganisha, mstari kwa mstari, asubuhi na jioni, vidole viwili vikitembea pamoja, kimoja kwenye kioo na kingine kwenye karatasi. Fundi alikwenda chumba cha ndizi na koki ya zamani na kipande cha kamba ya mbuzi. Nilisikia spana zake mbili zikigusana. Wifi alianza kuhamisha mikungu kutoka chumbani kwangu, mmoja mmoja, akilalamikia mgongo.

"Zinalingana," binti yangu alisema hatimaye. "Mwezi mzima, tofauti haizidi nusu. Isipokuwa siku nne hizi. Na katika siku hizi nne, simu yangu ndiyo iliyonidanganya." Alilifunga daftari. "Ungenyamaza, ningekuacha hapa, na usingekuwa salama."

"Najua."

"Sasa nitakuacha vipi?"

"Na utamchukua vipi?" wifi aliuliza akiwa mlangoni na mkungu begani. "Mtu anayejishitaki mwenyewe, ukimpeleka Soweto atamshitaki nani? Mimi?"

Binti yangu alichukua kalamu yangu bila kuomba. Chini ya mkataba wetu wa tarehe mosi Juni aliandika sharti jipya, kwa mwandiko wake wa haraka ambao sikuzoea kuuona katika madaftari yangu: kwamba nitabaki, na kwamba kila asubuhi saa kumi na mbili nitamsomea namba ya ukutani kabla yeye hajataja ya simu. Akaweka sahihi bila kuambiwa.

Ndizi zilichemshwa Jumatatu, mbege ikakorogwa Ijumaa, na Jumamosi watu walikunywa, fundi wa Kahe akiwemo, amevaa koti lake mpaka mwisho. Msimu wa baridi ulimalizika. Chumba cha ndizi kina joto wakati wote, hata sasa ambapo hakuna mkungu hata mmoja ndani yake, na kuni ninazozipoteza humo sizinung'unikii tena. Nikipita ninaweka kidole gumba pale palipolika, bila kugeuza.

Leo asubuhi nilisema kumi na tisa na nusu. Aliangalia simu yake, akanisomea. Yenyewe ilisema kumi na tisa.

"Andika yangu," nilimwambia.

"Nimeshaandika yako, Mama."